Kabla hujalipa ada ya maombi, mwandikie profesa

Na Mwandishi Wetu, Mbarara

Nyuma ya meza za vitenge, dagaa na vocha za simu katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, wamo watu waliosoma hadi chuo kikuu. Yupo aliyemaliza uchumi Bukavu, yupo aliyesomea uuguzi Bujumbura, yupo aliyefundisha hesabu sekondari huko Goma kabla vita havijamtoa. Leo wanaishi kwa biashara: mzigo unanunuliwa Kampala au Mbarara, unauzwa Nakivale, na faida inavuka mpaka kwenda kwa ndugu. Vyeti vyao vimehifadhiwa ndani ya mfuko wa plastiki visilowe mvua.

Mbarara, jiji ambalo wafanyabiashara hao hulijia kila wiki kufuata bidhaa, lina Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, MUST, kilichoanzishwa mwaka 1989. Kina Chuo Kikuu cha Bishop Stuart pia. Vyote viwili vinatoa shahada za uzamili. Kutoka Nakivale hadi milango ya vyuo hivyo ni safari ya asubuhi moja, lakini kwa wengi mlango huo uko mbali kuliko Dubai.

Sababu zinajulikana: ada, karatasi, lugha. Ipo nyingine inayotajwa mara chache, nayo ndiyo rahisi kuliko zote kuiondoa. Wengi huanza safari ya uzamili kutoka mwisho. Wanasikia kwamba maombi yamefunguliwa, wanalipa ada ya fomu ambayo hairudishwi, wanapeleka vyeti na kungoja. Barua ikija kusema hapana, au isipokuja kabisa, mwaka umekwenda na pesa ya mtaji imekwenda nayo. Hakuna mtu hata mmoja ndani ya chuo aliyejua kwamba mwombaji huyo yupo.

Mfanyabiashara wa mpakani hanunui hivyo. Kabla hajatuma shilingi moja kwa muuzaji asiyemjua, anauliza: bidhaa ipo? Bei gani? Inafika lini? Kumwandikia profesa kabla ya kuomba chuo ni kuuliza maswali ya namna hiyo. Vilevile kama ilivyo sokoni, inafaa kujua ni duka lipi linahitaji kuulizwa, na lipi lina bei iliyobandikwa ukutani.

Wakati wa kuandika, na wakati usio na haja

Shahada za juu ziko za aina mbili, na kuzichanganya kunapoteza muda wa pande zote.

Aina ya kwanza ni ya darasani. Mwanafunzi anasoma masomo yaliyopangwa, anafanya mitihani, kisha mwishoni anaandika tasnifu. Shahada nyingi za uzamili katika usimamizi wa biashara na afya ya jamii ni za namna hii. Hapa kamati ndiyo inayopokea wanafunzi, na inaangalia matokeo ya shahada ya kwanza, barua za wadhamini na kama nafasi zimebaki. Msimamizi wa tasnifu hupatikana baadaye, mwanafunzi akiwa tayari ndani. Kumwandikia profesa ukimwomba akuingize kwenye programu hii hakusaidii, kwa sababu hana ufunguo huo. Mtu wa kuandikiwa ni mratibu wa masomo ya uzamili katika kitivo, na maswali ni matatu tu: shahada yangu inakubalika? Ada kwa mtu wa hali yangu ni kiasi gani? Masomo yanafanyika siku gani za wiki? Swali hilo la tatu ni muhimu sana kwa mwenye duka, kwani ratiba ya jioni au ya mwisho wa wiki inaweza kuamua kama biashara itaendelea au itafungwa.

Aina ya pili ni ya utafiti. Hii ndiyo shahada ya uzamivu karibu kila mahali, na pia uzamili unaofanywa kwa utafiti. Hapa chuo hakiwezi kukupokea kama hakuna mtu wa kukusimamia, anayejua mada yako na mwenye nafasi. Mwombaji wa uzamivu huombwa aeleze wazo lake la utafiti tangu mwanzo. Ukishalipa ada ya fomu ndipo ukagundua kwamba hakuna mwalimu hata mmoja katika idara anayeshughulika na mada yako, kosa hilo lilikuwa na dawa ya barua moja.

Nje ya Afrika Mashariki hali inatofautiana. Ujerumani, anayetaka uzamivu wa kawaida hutafuta kwanza profesa atakayekubali kumsimamia, ndipo chuo kimsajili. Canada, idara nyingi zinazotoa uzamili wa tasnifu hazimpokei mtu asiye na msimamizi aliyekubali. Japani, wanaoomba ufadhili wa serikali kupitia ubalozi hufika hatua ambapo lazima wapate barua ya kukubaliwa kwa muda kutoka chuoni, na barua hiyo haiji bila kuwasiliana na profesa. Marekani inategemea fani: katika sayansi za maabara, profesa mwenye fedha za mradi ana sauti kubwa, katika shahada za biashara, hana.

Ulicho nacho mkononi

Kinachowafunga wengi mdomo ni hofu kwamba wanakwenda kuomba. "Mimi nani hata nimwandikie profesa?" Basi tuhesabu mzigo uliopo.

Nakivale ni miongoni mwa makazi ya kale zaidi ya wakimbizi barani Afrika. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 kuwapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya nchini kwao. Leo yanahifadhi zaidi ya watu 150,000: Wakongo ndio wengi, kisha Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea. Masoko yake yamewavutia watafiti wa dunia nzima. Chuo Kikuu cha Oxford kilifanya utafiti hapo, Kyangwali na Kampala, na ripoti yake ya mwaka 2014 kuhusu uchumi wa wakimbizi ilisomwa sana. Ni ripoti hiyo iliyoonyesha kwamba asilimia 21 ya wakimbizi waliohojiwa Kampala walikuwa na biashara iliyoajiri angalau mtu mmoja, na kwamba asilimia 40 ya walioajiriwa nao walikuwa raia wa Uganda. Hoja ya kwamba mkimbizi ni mzigo ilipata jibu la takwimu.

Walioshika madaftari na kuuliza maswali nyumba kwa nyumba katika utafiti ule walikuwemo wakimbizi wenyewe. Walijua lugha, walijua njia, walijua ni nani atakayesema ukweli na kwa saa ngapi. Lakini jina linaloandikwa kwenye jalada la ripoti ni la mwenye shahada ya juu. Kwa zaidi ya miaka 60 Nakivale imekuwa mahali pa watu wanaoulizwa. Uzamili na uzamivu ndiyo njia ya kukaa upande wa pili wa meza, na kuchagua swali lenyewe.

Profesa naye ana mahitaji yake. Katika vyuo vyetu, idadi ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu aliowasimamia mwalimu hadi wakamaliza huhesabiwa anapoomba kupandishwa cheo. Mwanafunzi anayeweza kuhoji watu kwa Kiswahili, Kinyarwanda na Kifaransa bila mkalimani, na ambaye anajulikana sokoni, ni mwanafunzi atakayemaliza kazi ya uwandani kwa wakati. Hilo lina thamani, na linastahili kutajwa kwenye barua bila aibu.

Mada zenyewe mfanyabiashara anazo kila siku. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi wa forodha kwa wafanyabiashara wadogo: mzigo wa bidhaa za ndani ya Jumuiya usiozidi dola 2,000 za Marekani hupita kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Mbona basi bado wapo wanaopita njia za panya? Mji wa Bunagana ulipotekwa na M23 Juni 2022, wauza vitenge walihamishia wapi mzigo wao, na nani alilipa tofauti ya nauli? Congo ilipokuwa mwanachama kamili wa Jumuiya Julai 2022, nini kilibadilika pale Mpondwe kwa mama mwenye magunia matatu? Haya ni maswali ya tasnifu, na majibu yake ya kwanza yapo kwenye daftari la madeni la mtu aliyeko sokoni.

Barua yenyewe

Barua zinazotupwa hufanana. Mara nyingi huwa hivi:

"Mheshimiwa Profesa, shikamoo. Mimi ni mkimbizi ninayeishi Nakivale katika hali ngumu sana. Naomba unisaidie kupata nafasi ya kusoma pamoja na ufadhili. Nipo tayari kusoma chochote. Mungu akubariki."

Kila neno hapo ni la kweli, na bado profesa hana la kujibu. Barua haisemi mwombaji amesoma nini, anataka kujua nini, wala kwa nini imemfikia yeye na si jirani yake wa ofisi ya pili. "Chochote" ndilo neno linaloua barua. Mteja akiingia dukani akasema anataka chochote, muuzaji hajui ainue mkono kwenye rafu ipi.

Tuchukue mfano wa mtu mwenye licence ya uchumi kutoka Congo, anayeuza vitenge. Barua yake inaweza kusomeka hivi:

"Kichwa: Swali kuhusu usimamizi wa uzamili – wauza vitenge baada ya Bunagana kufungwa.

Mpendwa Dkt. (jina la ukoo),

Nina licence ya uchumi, na mémoire yangu ilihusu vikundi vya akiba vya wanawake sokoni. Ninaishi Nakivale, ambako nauza vitenge kwa mwaka wa nne sasa. Nimesoma makala yako kuhusu biashara ndogo za mpakani, unaposema kwamba wafanyabiashara huchagua njia kwa kuangalia ushuru. Nilichokiona kati yetu ni kwamba kuanzia Juni 2022 watu walichagua njia kwa kuangalia nani atawakopesha mzigo. Ningependa kulitafiti jambo hilo. Naweza kuhoji kwa Kiswahili, Kifaransa na Kinyarwanda.

Naomba kuuliza: je, unapokea wanafunzi katika mwaka ujao wa masomo, na je, mada hii iko karibu na kazi yako? Kama haiko, nitashukuru ukinielekeza kwa mwenzako. Nimeambatisha wasifu wangu na ukurasa mmoja unaoeleza wazo hili.

Asante kwa muda wako."

Barua hiyo inasomwa kwa dakika mbili kwenye simu. Ina ushahidi kwamba mwandishi amesoma angalau makala moja ya anayemwandikia, tena kwa kuikosoa kwa adabu. Ina kitu ambacho profesa hakukijua. Ina maswali mawili yanayojibika kwa ndiyo au hapana. Habari za maisha zimo kwa kiasi kinachohusu kazi. Ukimbizi haukufichwa, na haukufanywa hoja.

Masomo ya juu Uganda hufanyika kwa Kiingereza, kwa hiyo barua nayo iandikwe kwa Kiingereza. Aliyesomea kwa Kifaransa aiandike mwenyewe kwanza, hata kwa makosa, kisha ampe anayejua aisahihishe. Barua iliyoandikwa yote na mtu wa kafe ya intaneti itamwaibisha siku atakapoitwa kwa mazungumzo. Na nakala ya barua moja isitumwe kwa maprofesa 20 kwa mkupuo. Walimu wa idara moja hukutana chumba cha chai.

Anwani za walimu hupatikana kwenye tovuti za vyuo, nazo kwa Uganda huishia na "ac.ug". Makala zao nyingi hupatikana bure kwa kuandika jina la mwalimu kwenye Google Scholar. Kifurushi kidogo cha data kinatosha kupakua makala mbili na kuzisoma usiku.

Baada ya kutuma

Ngoja wiki mbili. Kama kimya, tuma ukumbusho mmoja wa mistari mitatu juu ya barua ile ile. Kama bado kimya, nenda kwa mwingine, wala usihesabu kimya kuwa tusi. Msimu wa kusahihisha mitihani humeza barua nyingi. Usianze na ujumbe wa WhatsApp wala kupiga simu usiku kwa namba uliyopewa na rafiki.

Kwa anayefika Mbarara kila wiki kufuata mzigo, ipo njia ambayo mwombaji wa mbali hana: kwenda ofisini. Baada ya barua kujibiwa, omba miadi ya dakika 15, mchana, ofisini. Fika na ukurasa wako mmoja umechapwa. Ukikuta ofisi imefungwa, mwachie katibu wa idara ukurasa huo wenye jina na namba yako ya simu.

Majibu nayo yanahitaji kusomwa vizuri. "Tuma maombi kwa utaratibu wa kawaida" si ahadi, wala si kukataliwa. Maana yake ni kwamba hakuna kizuizi anachokiona. "Nitumie pendekezo la kurasa tano" ni mlango uliofunguliwa, na unapaswa kuingia humo ndani ya siku chache. "Nina mradi, nahitaji mtu wa kukusanya majibu" ni kazi, tena huenda ikawa kazi nzuri yenye malipo, lakini si masomo. Ikubali kama unaitaka, ila uliza wazi kama inaambatana na usajili wa shahada. Wapo watakaofurahi kuwa na msaidizi Nakivale kwa miaka mingi bila kumpa daraja la kupanda.

Karatasi na pesa

Hata profesa akisema ndiyo, hatoi nafasi. Nafasi hutolewa na chuo, kupitia kwa Msajili wa Taaluma na uongozi wa masomo ya uzamili. Hapo ndipo karatasi zinapoulizwa.

Shahada ya nje ya Uganda hupelekwa kwenye Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE, lililoko Kampala, ili ilinganishwe na za Uganda. Hati za Kifaransa zinahitaji tafsiri iliyothibitishwa. Waliosoma Congo kwa mfumo wa zamani, miaka mitatu ya graduat kisha miwili ya licence, waangalie jambo moja: graduat peke yake isiwasilishwe kana kwamba ndiyo shahada kamili. Peleka zote mbili pamoja na matokeo ya kila mwaka. Ulinganisho huchukua muda, kwa hiyo uanze sambamba na barua kwa profesa, usingoje jibu lake.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inawapa wakimbizi haki ya elimu ya juu kwa masharti yasiyopungua yale ya wageni wengine, na inataja hasa kutambuliwa kwa vyeti vya nje na kupunguziwa ada. Ni vyema kuuliza chuo kwa maandishi: mkimbizi anatozwa ada ya mgeni, ya raia wa Jumuiya, au ya Mganda? Wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza mwaka 2017 kwamba Afrika Mashariki ni eneo moja la elimu ya juu, lakini bado kila chuo kina orodha yake ya ada. Jibu la maandishi ndilo la kushikilia.

Kuhusu ufadhili, ule wa DAFI, unaosimamiwa na shirika la wakimbizi la UNHCR na ulioanza 1992 kwa fedha za Ujerumani, umejengwa kwa ajili ya shahada ya kwanza. Kwa uzamili, tazama matangazo ya DAAD kwa vyuo vya Afrika Mashariki na yale ya Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, IUCEA, lenye makao Kampala. Soma masharti ya uraia na hadhi kabla ya kujaza. Barua ya profesa anayekujua, inayoeleza kwamba yuko tayari kukusimamia, huongeza uzito wa fomu yoyote ya ufadhili.

Utafiti wenyewe ukianza, utahitaji kibali cha kamati ya maadili, usajili kwa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na ruhusa ya Ofisi ya Waziri Mkuu kufanya kazi ndani ya makazi, hata kama unaishi humo. Ukigusia hatua hizo katika ukurasa wako wa wazo, profesa ataona kwamba unajua safari ina vituo vingapi.

Usilipe mtu

Palipo na watu wenye haja, matapeli hawako mbali. Ada ya maombi hulipwa benki kwa namba ya malipo iliyotolewa na chuo, na risiti hutoka. Hakuna ada ya kumwona profesa, hakuna "pesa ya soda" ya kusukuma faili, na hakuna profesa anayepokea ada ya chuo kwenye simu yake. Barua pepe inayodai kutoka chuoni lakini imetumwa kutoka anwani ya kawaida ya Gmail ithibitishwe ofisini kabla ya kujibiwa. Na mwalimu anayetaka mkutane hotelini, au anayeanza kuuliza maswali yasiyohusu masomo, si msimamizi wa kumtafuta hata kama jina lake ni kubwa. Kwa wanawake wanaosafiri peke yao kutoka makazini, hili lisemwe wazi: barua pepe huacha ushahidi, na mkutano wa ofisini mchana una mashahidi.

Mwaka wa masomo katika vyuo vingi vya Uganda huanza Agosti. Anayetaka kuingia Agosti ijayo, barua yake ya kwanza inafaa itoke kabla ya Machi, ili profesa apate nafasi ya kujibu, NCHE wamalize kazi yao, na ada ya fomu ilipwe ikiwa na mahali pa kwenda. Gharama ya hatua hii ya kwanza ni kifurushi cha data, usiku mbili za kusoma, na ukurasa mmoja ulioandikwa vizuri. Kuna mtaji mdogo kuliko huo?